Siki ya Mwezi wa Shaabani

Mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kuuliza. Chuoni, tukisoma Kurani, maalim wetu alikuwa ananyanyua mkono kabla sijafungua mdomo: "We nyamaza kwanza, wenzio wasome." Nilitaka kujua kila kitu. Nikimeza mate nami nimefunga, je? Na yakiwa mengi? Nzi akiniingia kooni na mimi sikumkaribisha? Paka akilala juu ya msala? Mama alikuwa akisema kwamba atakayenioa lazima awe kadhi. Nikaolewa na seremala, na kila nikimuuliza hunijibu "sijui" kwa moyo mkunjufu kabisa.

Ajabu ni kwamba swali lililokuja kututia moto nilikuwa nalila kwa wali miaka yote, na sikuliona.

Kila mwezi wa Shaabani mama huletewa chupa ya siki. Anayemletea ni rafiki yake Mgiriama, mke wa mgema, anayekaa shambani mbele ya Muyeye. Walijuana hospitalini, vitanda vyao vikiwa vimepakana, wote wawili wamejifungua siku moja. Mtoto wa mama ndiye mimi. Mama kwao ni visiwani kule kaskazini, alikuwa mgeni hapa Malindi, hana dada wala shangazi wa kumshika mkono, na yule mama wa kitanda cha pili akamgawia uji wake. Nilipotimiza siku arobaini akaja nyumbani kutuangalia, na chupa ya siki mkononi. Hajakosa mwaka tangu siku hiyo, na mama hajakosa kumpelekea sahani ya Idi.

Siki yenyewe hutokana na tembo la mnazi, lile lile wanalolewea watu. Huachwa likachachuka mpaka ulevi ukatoka, ukabaki ukali tu. Mama huitia kwenye achari ya maembe, na mwezi wote wa Ramadhani mtaa mzima hutuma vibakuli.

Mwaka jana tulikuwa uani, mimi na mama na wifi yangu, mke wa kaka. Maembe yamekatwa, yametiwa chumvi, yameanikwa. Mama ameshika chupa anataka kuifungua. Wifi akauliza, na wallahi hakuwa na nia mbaya, "Mama, hii si tembo hii? Nimemsikiza shekhe mmoja kwenye simu, anasema tembo ni haramu na kila kitokanacho nalo ni haramu."

Mama akaiweka chupa chini polepole. Nikaruka mimi: "Shekhe gani? Ana jina?" Wifi akasema hakumbuki, ilikuwa video fupi. Nikamwambia na akili yake nayo ni fupi, jambo ambalo nimeliombea msamaha baadaye, tena zaidi ya mara moja. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Mama alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akaitoa ile chupa nje kwa mfuko wa plastiki asiiguse, akaiacha ukutani kando ya bomba. Maembe yakakaa juani hadi yakawa kama ngozi ya kiatu.

Siku ya tatu nilimkuta kwenye msala anaswali, anatoa salamu, anaswali tena. Nikamuuliza anaswali nini saa nne ya asubuhi. Akasema, "Nalipa."

"Unalipa nini, mama?"

"Baba yako mimi ndiye niliyemlisha. Yeye alikuwa anakula tu nimpacho. Ikiwa nimemtia haramu tumboni miaka yote ile, na dua zake zikarudi, nitakwenda kumwambia nini?" Akalia, mama yangu, ambaye siku baba alipokufa alijizuia mbele ya watu. Moyo uliniuma, na nikasema leo maswali yangu yatafanya kazi ya maana.

Nikaenda kwa maalim wangu wa zamani. Sasa ni mzee, husomesha barazani kwake. Aliponiona tu akacheka, "Lo, umekuja na lipi tena?" Nikamsimulia lote. Nilidhani ataniambia halali au haramu nirudi zangu nyumbani. Yeye akanigeuzia swali.

"Iligeuka yenyewe, au iligeuzwa?"

Akanieleza kwamba katika madhehebu yetu sisi wa pwani, tembo likiachwa likawa siki lenyewe, hiyo ni safi, mtu ale asiwe na wasiwasi. Lakini likitiwa kitu ndani ili liharakishwe, chumvi, mkate, kitunguu, chochote, hapo haliwi safi. Kulitoa kivulini likawekwa juani, hilo halidhuru. Kulitia kitu, ndilo neno lenyewe.

"Na nitajuaje, maalim?"

"Muulize aliyeitengeneza. Wewe si bingwa wa kuuliza?"

Nikapanda tuktuk hadi shambani kwa rafiki yake mama. Huyu ndiye aliyemgawia mama uji mimi nikiwa bado sijafungua macho. Utamwambiaje mtu kama huyo, zawadi yako ya miaka arobaini, hebu nieleze umetia nini ndani?

Nilimkuta anachambua kunde. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, na kabla sijakaa vizuri akauliza, "Mwanangu, mbona mwaka huu mama yako hajanipigia simu kusema siki niliyomtumia imefika? Anaumwa?"

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikasema haumwi. Halafu nikauliza tu kama ilivyo, maana kuzungukazunguka sikuwezi: "Mama, ile siki, huwa unatia kitu ili igeuke?"

Akaacha kunde. Akanitazama, akaanza kucheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Wewe kweli mtoto wa baba yako! Alikaa hapo hapo ulipokaa. Alikuja na baiskeli, wewe huna hata miezi miwili, akaniuliza hivyo hivyo, maneno yale yale."



Baba alikuja, akamwomba kwamba siki ya mama iwe na mtungi wake peke yake, isitiwe hata chembe ya chumvi, iachwe igeuke kwa wakati wake. Na akamwomba tena asimwambie mama kwamba amekuja. Hakutaka mkewe, aliyepata rafiki mmoja tu mji mzima, aanze kumtilia shaka. "Nikampa neno langu," akasema. "Mtungi ule pale, una kifuniko chekundu. Mzee wangu mwenyewe haugusi."

Halafu akaikunja leso yake magotini. "Mara moja tu nilikosea. Mwaka wa harusi ya kaka yako. Mvua ilikuwa nyingi, tembo halikutaka kugeuka, nami naona siku zinakwisha. Nikatia chumvi. Ilipogeuka roho ikakataa. Nikaimwaga yote kwenye mchanga, nikaenda dukani nikanunua siki, nikaitia chupani nikaleta."

Harusi ile naikumbuka vizuri sana. Mama alionja achari mbele ya wanawake wote waliokuja kupika, akakunja uso, akasema kwa sauti, "Huyu shoga yangu siku hizi mvivu, ananiletea maji ya dukani." Wakacheka wote. Na rafiki yake alikuwapo, anakuna nazi, na hakujibu.

"Kwa nini hukumwambia?" nikauliza.

"Ningemwambia vipi na nilimwahidi baba yako? Na akiniita mvivu sifi. Akiacha kula mkononi mwangu, hilo ndilo silitaki."

Akarudi kwenye kunde zake. Sikumwambia kwamba chupa iko nje ukutani ndani ya mfuko wa plastiki. Hilo ni swali moja ambalo namshukuru Mungu hakuniuliza.

Mama nilimkuta juu ya kitanda, tasbihi mkononi. Nikamsimulia, na nilipofika kwenye habari ya baba na baiskeli akanikatiza, "Aliniambia anaipeleka kuzibwa pancha!" akacheka na kulia pamoja, akasema Alhamdulillahi sijui mara ngapi. Uso ulimrudi. Nikamwambia na habari ya mwaka wa harusi, na kicheko kikamkatika. Akaiweka tasbihi kando.

"Na mtu niliyemcheka mbele ya watu," akasema mwishowe, "kwa sababu amekataa kunilisha haramu, hilo nalo hukumu yake nini?"

Nilikuwa na majibu mawili matatu, na maalim hakuwa mbali. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kwenda kuuliza. Mama alikwishateremka kitandani, anavaa buibui kinyumenyume, magoti yake mabovu yanalia.

"Niitie tuktuk," akasema. "Na chupa yangu iingize ndani."

Nikatoka nikaichukua kwa mkono mtupu.