Mizani Yangu Ndiyo Iliyomwangusha Shemeji

Nimekosa, na sitazunguka. Nimemkosea mume wa dada yangu, mtu aliyenipenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na miaka yote hii nimekula ugali nyumbani kwake kama vile sikufanya kitu. Usinionee huruma. Nisikilize tu, kisha nitukane ukitaka.

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa. Zamani ushirika ndio ulikuwa unanunua peke yake. Ghafla Bariadi yote ikajaa wanunuzi binafsi, kila mmoja na turubai lake na mizani yake. Nikapata ukarani kwenye kituo kimoja kule Nkoma. Kazi yenyewe ilikuwa kupima. Nilichomeka kalamu mbili mfukoni, nikajiona mtu!

Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye uso kama saa. Siku ya pili tu bosi akanifundisha: unafungua mgongo wake, unaongeza springi ndogo ya pili, unafunga. Ikiwa tupu, mshale uko kwenye sifuri. Ukitundika furushi la kilo mia, inasoma themanini na tano. Mkulima anakodoa macho, anaona sifuri, anaamini. Watu wametembea na mkokoteni wa ng'ombe tangu alfajiri, mimi nawapunja huku nikiwasalimia vizuri. Mpumbavu kabisa mimi! Nilimpunja mpaka baba yangu mzazi.

Sasa shemeji. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kikapunguza watu, akarudi nyumbani Somanda. Wenzake walifungua vibanda, yeye akaanza kuunda ndege! Ndege ya kweli, ya kupanda mtu mmoja. Tangu utotoni, alipoona ndege ya kunyunyizia dawa ikipita juu ya mashamba, hakuwahi kuwaza kitu kingine. Mwili ulikuwa mabomba ya alumini, magurudumu ya pikipiki, kitambaa alichokishona dada yangu kwa cherehani yake. Panga la mbele, lile linalozunguka, alilichonga mwenyewe kwa mninga. Watu walimcheka. Mimi nilijivunia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mabomba alianza kuyakusanya akiwa bado kazini, na kila moja alilipima kwenye mizani ya kiwandani, akaandika kwenye daftari. Ikabaki injini. Mzee wa duka la spea pale mjini alikuwa nazo mbili. Moja ilitoka kwenye kile kigari cha mgongo wa kobe, inapozwa kwa upepo tu, nyepesi lakini imechoka. Nyingine ni ya maji, ya gari dogo la mtumba la Kijapani, ina nguvu za kumwaga, ila ina mwili. Mzee akamwambia, "Kapime zote, utakayoikataa nirudishie."

"Injini ikizidi kilo themanini, hii siyo ndege tena," shemeji alinieleza. "Pua ikiwa nzito, nguvu haikusaidii kitu. Hata iwe nzuri vipi, naiacha."

Kiwandani walishamfungia geti. Akamkumbuka nani mwenye mizani? Mimi!

Akaja Nkoma asubuhi na injini zote mbili kwenye pikapu. Foleni ya wakulima ipo, bosi amekaa kwenye kiti chake anatazama.

"Mwangaluka, shemeji!"

"Mwangaluka. Lete tupime."

Tukatundika ile ya upepo. Sitini na mbili. Tukatundika ya maji. Sabini na tisa.

"Sabini na tisa!" Alirukaruka pale mbele za watu. "Imeingia! Imeingia!"

Ningeweza kumvuta pembeni. Maneno manne tu: shemeji, hii mizani inadanganya. Lakini kwenye ile foleni alikuwepo mama yake na furushi lake, nami msimu mzima nilikuwa nampimia. Nikisema ya injini, nimesema na ya pamba ya mama yake. Nikanyamaza. Nikamwandikia zile namba kwenye daftari lake, kwa kalamu yangu nzuri.

"Wabeja sana, shemeji," akashukuru, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Akairudisha ile nyepesi, akaifunga ile ya maji. Wiki chache baadaye akaniita Somanda. Nikamkuta amesimama mbele ya ndege, anakuna kichwa.

"Mkia unainuka wenyewe. Pua nzito, na hesabu inakataa. Hivi ile mizani yenu ina uhakika kweli?"

Mungu alinipa nafasi ya pili, unaona? Nikaja juu, eti nimetukanwa! "Ile ni mizani ya kampuni, imepigwa muhuri. Angalia hesabu zako!"

Akaniomba radhi. Yeye, mimi! Akafunga mfuko wa mchanga mkiani, ndege ikakaa sawa. Akasema kosa lake atalitafuta baadaye.

Aliirusha mchana, kwenye mbuga iliyokauka baada ya mavuno. Ikapaa. Naapa ilipaa! Ilivuka wigo wa minyaa, dada yangu akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ilipogeuka kurudi, kamba ya mkiani ikakatika na mfuko ukadondoka. Pua ikainama. Tulimwona akivuta usukani kwa nguvu zake zote, na pua haikuinuka.

Hakufa. Mgongo ulivunjika, na kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari na mwili wake. Wengine wakasema ni kiburi cha kutaka kuruka. Wengine wakaanza kumtazama vibaya bibi mmoja jirani, asiye na hatia yoyote. Nikanyamaza tena! Kunyamaza nilishakuzoea.

Mwisho wa msimu nikaitoa ile springi, nikaacha kazi. Ilimsaidia nani?

Leo shemeji anashinda kibarazani na lile daftari. Kila siku anarudia hesabu tangu bomba la kwanza, anatafuta alipokosea. Juzi akanipa. "Nisomee uzito wa injini, macho yangu yamechoka." Nikaona mwandiko wangu. Nikasoma, "Sabini na tisa." Akatikisa kichwa. "Basi kosa ni langu. Nitalipata tu."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kuandika barua hii.

Wewe unayechezea kipimo, uwe karani, muuza nyama au muuza mafuta, unadhani unamwibia mtu usiyemjua. Acha! Kipimo chako hakijui nani ni ndugu yako. Na ukishaulizwa mara moja, sema palepale, maana ukimwachia mwenzako abebe kosa lako atalibeba mpaka azeeke.

Gazeti hili mimi ndiye ninayempelekea shemeji, na kurasa hizi za wasomaji ndizo anazoanza nazo. Safari hii nitakaa palepale kibarazani mpaka amalize kusoma.

Shemeji, chukua kalamu. Futa sabini na tisa, andika tisini na tatu. Hesabu itakubali. Hukuwahi kukosea.