Pikapu ya Shemeji Mnadani

Mume wa dada yangu ndiye aliyenivunja. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu watu wa kwetu husema "ile ajali", kama vile ilishuka yenyewe mlimani. Haikushuka. Yeye ndiye aliyeikanyagia mafuta ile pikapu kwenye miteremko ya njia ya Yiti, mimi nikimwambia, shemeji, taratibu, na yeye anacheka.

Pikapu ya Kimarekani, ya chini, injini ya silinda nane, imetengenezwa kwa kukimbia tu. Kule nyuma haijapata kubeba hata gunia la mkaa. Ikiwashwa uani, vikombe vya dada yangu vinatetemeka kabatini.

Tulipinduka. Yeye alitoka na mkwaruzo sikioni. Mimi ni nyonga na mguu wa kulia. Nilipozindukana, hospitali walikuwa wameshaambiwa kuwa nimeteleza kwenye mawe. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesema hivyo, na ami yetu akakubaliana naye, ili polisi wasiingie. Fundi mmoja wa magereji ya Wadi Kabir akaikata chesisi iliyopinda, ule uti wa mgongo wa gari, akaiunga kwa kuchomelea, akaipaka rangi nyeusi nzito. Na huyo namtia kwenye hesabu yangu.

Nikiwa bado nna magongo mawili wazee wetu wakanikalisha majlisi, kwenye chumba cha wageni cha wanaume. Shemeji akamiminiwa kahawa, akaiacha mbele yake. Kwetu mwenye kuja na ombi zito haigusi kahawa mpaka akubaliwe. Wazee wakanitazama. Dada yangu alikuwa upande wa wanawake, mjamzito. Nikasema, kunywa, nimesamehe. Akanywa. Na jambo likishanywewa kahawa halitajwi tena, wala kwa mzaha.

Miaka ikapita nalo halikutajwa.

Mwaka huu dada akanambia wanaiuza, kwenye mnada wa magari ya fakhari kule Bustan. Nilikwenda peke yangu kwa teksi. Nilitaka kuiona ikiondoka, basi. Ilikuwa imeegeshwa kwenye zulia, inang'ara, taa zimeelekezwa juu yake. Mbele pana kibao. Mimi sikusoma sana, lakini Kiarabu cha kibao nakimudu: haijapata ajali.

Kando yake palikuwa na mtu wa makamo, kanzu safi, anazungumza kwenye simu kwa Kiswahili cha wale Waarabu wenzetu waliotoka Burundi. "Hii ndiyo nitakupeleka nayo Nizwa," alikuwa anamwambia mkewe. "Utashika kofia yangu, maana itaruka." Akacheka, akakata simu, akaniona naitazama.

"Unaijua, ndugu yangu?"

"Naijua."

"Vipi, nzuri?"

Ningeweza kusema nzuri. Kutolitaja ndilo nililoahidi. Lakini nikawa kama namuona mkewe, asiyejua kitu, kakaa ndani, na chesisi inaachia kwa mwendo ule.

"Imeshapinduka," nikasema. "Chesisi imeungwa."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwamo."

Akautazama mkongojo wangu. Hapo hapo shemeji akatokea, ananukia udi, mikono kaikunjua.

"Karibu, bwana. Huyu ni mjomba wa wanangu. Mcheshi sana, usimsikilize." Kisha akaniinamia sikioni. "Ile kahawa, uliniambia ninywe au nilijimiminia? Leo unataka niitapike mbele za watu?"

Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Msimamizi wa mnada akaja, akasema kwa Kiarabu, kwa adabu, kwamba mwenye kusema neno alioneshe.

Basi nikalala chini. Nikaweka mkongojo pembeni, nikajivuta kwa mgongo mpaka chini ya pikapu, na kanzu ikapanda, na mguu wangu mwembamba wenye mishono ukabaki nje kama kitu cha kuuzwa nacho. Nikaikwaruza rangi kwa ufunguo wa nyumba. Likatokea ungio la kuchomelea, nene, lina mabonge kama nta iliyodondoka. Yule mtu akalala ubavuni mwangu na taa ya simu.

"Wallahi kweli," akasema.

Akatoka yeye. Mimi sikuweza kutoka. Nyonga yangu ikijifunga haifunguki. Nilikuwa naona viatu tu, vimesimama, vinangoja. Nikasikia mmoja anauliza, "Kwani huyo amelala?" na wengine wakacheka.

Ukaja mkono. Nikaujua kwa pete.

"Shika, shemeji. Bismillahi."

Alinivuta, akanishika makwapani, akanisimamisha, akanipa mkongojo wangu. Akanipangusa vumbi mgongoni, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mtu mwema huyu. Amefedheheshwa, na bado anamuinua mwenzake."

Na mimi nikasema ahsante. Lilinitoka. Nilimshukuru mbele ya watu wote wale, mimi niliyevunjwa, naye akaitikia kwa kichwa.

Yule wa Burundi akanipa mkono haraka haraka bila ya kunitazama usoni, akenda zake. Msimamizi akaagiza pikapu iondolewe mnadani. Shemeji akakaa nyuma ya usukani mwenyewe, akateremsha kioo.

"Ndiyo inarudi nyumbani," akanambia. "Dada yako atafurahi. Alikuwa anaipenda, na hana gari nyengine."

Nikaketi kwenye ukingo wa maua nikampigia simu dada. Nikamuelezea, nikamwambia asiipande gari ile, yeye wala watoto.

"Kaka," akasema, "wewe ulisamehe au hukusamehe?"

"Nilisamehe."

"Basi mbona umemuaibisha mume wangu?"

"Nakwambia habari ya chesisi, dada. Usipande."

"Aliyekwisha samehe hasemi hivyo," akasema, akakata. Nikapiga tena, na tena, simu inaita tu.