Msiba wa Bondeni

Leo nimekaa msiba wa mtu aliye hai.

Mjukuu wangu Tumaini alisema, "Babu, njoo ukumbini Bondeni uniangalie."

Nikachelewa. Naingia tu, wanawake wanalia, maiti imefunikwa shuka, Tumaini kakauka pale katikati, hasemi kitu.

Mimi mambo ya misiba sifundishwi, Kyela yote inajua. Kwetu huulizi kafa nani, unakaa kwanza. Nikavua kofia, nikapita mbele, nikaketi naye mkekani.

"Pole mama. Sema chochote, babu yupo."

Kumbe ni igizo, na mtoto alikuwa kasahau maneno. Ndipo yakamrudia yote, watu wakalia kweli.

Mwalimu wao kaniomba nirudi kesho. Nitarudi, ila yule marehemu aache kucheka ndani ya shuka. Au nimekosea, jamani?