Nilimpata kaka ya Ayeeyo kwenye directory ya zamani ya Nairobi

Assalaamu alaykum wakuu. Sogeeni karibu. Hii ni ya nyumbani kwetu na sitaitia chumvi.

Ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa baba, ni wa Bura huku Garissa. Kaka yake, Warsame Guhad, aliondoka na wachuuzi wa ng'ombe miaka ya hamsini. Ayeeyo alikuwa msichana mdogo.

Hakurudi.

Nyumbani walisema amenogewa na Nairobi, ametusahau. Jina lake likaacha kutajwa.

Sasa, kuna maktaba moja Nairobi ina directory za enzi hizo. Vitabu vya kuonyesha nani anauza nini, mtaa gani. Wamejaa Wazungu na Wahindi. Wafugaji wetu utawatafuta uchoke.

Nikaacha kutafuta jina, nikatafuta kwa kazi. Aliyeondoka na ng'ombe angeuza nini? Wauza nyama, Eastleigh, walikokaa Wasomali.

"Wersama Gohad."

Wakuu, nikalisoma kwa sauti: Warsame Guhad.

Nikaenda mtaa huo. Siku hizi ni ghorofa tupu. Nikaelekezwa kwa Mama Zeinab, mzee aliyezaliwa jirani na lile duka.

"Warsame wa Bura?" akasema. "Lori la Garissa likifika, alikuwa anakimbia kuuliza watu wake. Lakini watu wake walikuwa wanahama na mifugo, salamu hazikufika. Kurudi kwenu ilitaka kibali cha mkoloni. Akaomba, akanyimwa. Akaomba tena. Kifua kikamuua kabla ya uhuru. Hata hakuoa."

Nikasafiri hadi Bura, nikamweleza Ayeeyo. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Nani alimwosha?"

Sikuwa nimeuliza! Nikampigia Mama Zeinab hapo hapo, nikaweka sauti juu.

"Baba yangu," akajibu. "Na sanda ilitoka kwetu."

Ayeeyo akajifunika uso kwa shungi.

"Mimi nilimkasirikia," akasema. "Miaka yote nikiwaombea wafu wetu, yeye nilimruka."

Wakuu, nilichojifunza: kwenye vitabu hivyo tafuta kazi na mtaa, maana karani aliandika jina alivyolisikia yeye. Na msingoje. Mama yao alikufa akiamini mwanawe alimsahau, na huyo sina namna ya kumwambia.

Kama kuna mtu wenu aliyepotelea mjini enzi hizo, andikeni jina lake hapa chini, na la baba yake. Angalau atajwe.