Mshono wa Benzi ya Himid

Mzee Talib wa Wingwi alikuwa na ugonjwa usio dawa: kila alichokishika lazima apime ni cha asili au cha kubandikwa. Magari ya kifahari ya zamani ndiyo yaliyompa jina. Ukiifufua Benzi ya babu yako, watu hawakuamini mpaka Talib avikague vitasa, ukingo wa taa na viti, kisha atamke: "Ya kiwandani." Haya, magari tungemwachia. Lakini alikagua hata chai ya mkewe.

"Hino tangawizi ya dukani," husema, na kikombe amekimaliza.

Mkewe, Bi Samiha, alishona kofia za viua, zile za kutobolewa na kudariziwa kwa mkono, na mkono wake ulijulikana mpaka Kiuyu. Moyo wake lakini ulikuwa kwenye cherehani ya mumewe ya kushonea ngozi za viti. Kila akiomba ashone japo kiti kimoja cha gari, Talib hucheka.

"Kiti si kofia, bibi weye. Siku n'takapouita mshono wako wa kiwandani, cherehani ni yako."

Bi Samiha akanyamaza. Mke akinyamaza vile, mwenye akili hutafuta pa kujificha. Talib akaomba chai nyingine.

Basi Himid, mtoto wa dada yake Samiha, alikuwa akiitengeneza Benzi ya marehemu babake ije ibebe maharusi. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeliwa na panya. Talib alipokwenda Unguja kukagua gari za watu, Samiha akaingia kazini kwa sindano ya mkono, akifuata vitobo vya mshono wa zamani kimoja kimoja, vidole vikimuuma naye akicheka peke yake.

Siku ya ukaguzi uwanja ulijaa. Talib alianza na vitasa.

"Bandia." Akaugonga ukingo wa taa. "Bandia, tena bati."

Himid akanywea. Samiha, kibarazani pamoja na wanawake wenzake, akaanza kutafuna ncha ya mtandio. Talib akaingia nyuma, akapapasa mshono mwanzo hadi mwisho kwa kidole gumba, macho kayafumba.

"Jamani, hapa mkono wa mtu haujapita. Kiwanda kitupu, wallahi!"

Himid akakohoa kikohozi kisicho mafua. Talib akamtazama, akaingiwa na shaka. Akapeleka mkono chini ya kiti, akakuta vifundo viwili vimelaliana. Polepole akaivua kofia yake, akaigeuza ndani. Vifundo viwili, vimelaliana vivyo hivyo.

Samiha alifurahi, na huruma pia ikamwingia, maana mumewe alishaapa mbele ya watu. Aliijua ile sura: Talib alikuwa akitafuta pa kutokea. Na angeweza kutoka, kwani vile vifundo hakuna mwingine aliyeviona. Samiha akamkazia macho, wala hakupepesa.

Talib akavaa kofia yake, akashuka garini.

"Mie kosa sina," akasema, akinyoosha kidevu kibarazani. "Kiwanda chenyewe kile pale, kimevaa mtandio."

Vigelegele vikapasuka. Samiha alitaka kucheka, akajikuta analia.

Asubuhi yake alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, ngozi magotini. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, chai ilipikwa na Mzee Talib. Akamletea mwenyewe, akasimama pembeni akisubiri.

Bi Samiha akapiga funda moja, akafumba macho.

"Tangawizi ya dukani," akasema.