Madirisha ya Mninga Niliyompa Shangazi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Darasa la nne sikumaliza, nilianza na beseni la dagaa Mkuyuni, na biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu nikanunua jengo la zamani katikati ya mji nilifanye gesti. Kwetu hakuna mwingine aliyefika hapo.

Kwanza niling'oa madirisha. Yalikuwa manane, ya mninga, mazito, ya vibao vya kufungua na kufunga. Nikaweka ya aluminiamu, yenye vioo vya kujitazama. Yale ya zamani nikayapakia kwenye pikapu nikampelekea shangazi kijijini Kisesa, yeye aliyenilea, maana matundu ya nyumba yake alikuwa ameyaziba kwa mabati.

Wiki moja kabla ya kufungua, akaja afisa wa mipango miji. Akasema mtaa ule unahifadhiwa kwa sababu ya majengo yake ya kale, dirisha halibadilishwi bila kibali, na mpaka nirudishe sura ya zamani leseni sipati.

"Yale ya mwanzo yako wapi, mzee?"

Ningesema yameliwa na mchwa, yangeisha. Nikajibu, "Yako Kisesa kwa shangazi yangu. Kule hakuna nyumba inayoifikia ile."

Akaandika. "Vizuri. Yangekuwa yamepotea, ungechongesha mengine. Kwa kuwa yapo, yarudi yale yale."

Nilimkuta shangazi anapepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Siku ile ulipiga honi tangu barabarani. Leo umekuja kimya. Unataka nini?"

Nikamweleza, nikamwahidi yale ya aluminiamu.

"Yale ya vioo? Hapa dume la ng'ombe likijiona mle litapiga pembe. Niletee ya mbao, kama haya." Akaweka ungo chini. "Na utayang'oa wewe mwenyewe, siyo fundi. Watu wamuone anayeyachukua."

Nikayang'oa, majirani wamesimama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Fundi wa mbao niliyemwagiza mapya ya shangazi akachelewa wiki tatu, mvua zikaanza, shangazi akalala nyuma ya magunia ya kuziba matundu mpaka kifua kikambana. Nilipompelekea dawa alinishukuru vizuri, kama anavyoshukuriwa mgeni.

Gesti nilifungua. Aluminiamu ambayo hakuna aliyeitaka, mninga mpya, mafundi, pikapu kwenda na kurudi, dawa za kifua, vyote pamoja vilinigharimu shilingi milioni moja, laki mbili, themanini na tano elfu na mia tano.