Tairi Lisiguse Chuma

Djibril wa Majengo, mtaa wa Goma, alikuwa fundi wa magari mwenye maringo, na hilo halina siri. Ukimletea Suzuki ndogo ya kuvishwa matairi makubwa, kwanza aliizunguka akiguna kama mshonaji aliyeletewa kitambaa kidogo na mteja mnene. Kisha alikuuliza kama unataka kusafiri au unataka kuonekana. Wengi walitaka kuonekana, naye aliwahudumia vilevile, mradi wakubali masharti yake: ainue springi, akate chuma cha madigadi yanayofunika magurudumu panapobana, na mwisho apime juu ya jiwe.

Jiwe hilo lilikuwa bonge la lava lililoachwa uani kwake na volkeno. Djibril alipaka majivu yaliyoloweshwa maji ndani ya madigadi, akapandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe, kisha akazungusha usukani mpaka ukomee huku na huku. Majivu yakifutika mahali, ujue tairi limegusa. Na wote watakaosafiri walipaswa kuwa wameketi ndani na mizigo yao, hata mama mkwe kama yumo, kwa sababu gari tupu hukaa juu na kudanganya. Mkewe Jamila, aliyekuwa fundi kama yeye baada ya miaka mingi ya kushika spana pamoja, ndiye aliyewapanga abiria, na watu walicheka sana kupangwa vile.

Landry hakuwa mtu wa kupangwa. Alifika asubuhi na Suzuki ya kijani na wanaume wawili wenye bunduki, wa aina ile ambayo siku hizi Goma hakuna anayewauliza ni wa nani. Nyuma walikuwa na matairi manne ya lori dogo. Alitaka yavishwe kabla ya jioni, kwa kuwa njia ya kupita Rutshuru ilikuwa tope tupu, na alitaka madigadi yasikatwe, gari libaki zuri. Djibril alimweleza kwa upole kuwa vitu hivyo viwili havipatani. Landry alimpiga kofi kabla hajamaliza.

Basi akafanya alivyoambiwa. Yeye na Jamila waliinua springi, wakafunga magurudumu, wakapaka majivu. Ulipofika wakati wa jiwe, Djibril aliwaomba wapande. Landry alikuwa anakula nyama ya kuchoma kivulini akasema hatapandishwa garini kama mbuzi wa soko. Gari likapimwa tupu. Majivu hayakufutika.

Walipakia masanduku yao mazito, wakaondoka bila kuaga. Hawakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza Djibril alisikia tairi likikwaruza chuma, sauti mbaya ya kutia ganzi meno, na akajua yamemkuta. Angeweza kukimbia. Lakini Jamila alikuwa chini ya gari jingine, na mtu hamwachi mkewe chini ya gari.

Landry alirudi ametulia kabisa. Wale wawili walimburuta Djibril hadi kwenye jiwe, wakalaza mkono wake wa kushoto juu yake, na Landry akachukua nyundo ya palepale karakana. Alipiga mara mbili. Djibril alisikia vidole vyake vikivunjika kabla hajasikia maumivu, kisha akatapika juu ya viatu vya mmoja wao, naye akapigwa tako la bunduki mdomoni kwa ajili ya viatu.

"Sasa kata hizo madigadi," Landry akasema. "Na isiguse."

Djibril hakuweza hata kusimama. Jamila ndiye aliyechukua mashine ya kukatia chuma. Hakulia na hakuomba. Alikata madigadi ya mbele yote mawili, cheche zikimrukia kitambaa cha kichwa, akakunja kingo za chuma kwa nyundo ileile yenye damu, akapaka majivu upya. Kisha akawaambia wapande na masanduku yao, na safari hii walipanda. Akaliweka gari juu ya jiwe, akazungusha usukani. Majivu yalibaki mazima pande zote.

Ilikuwa kazi safi, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Landry alishuka, akayatazama majivu kwa muda, akamtazama Jamila.

"Bwana yako hana tena mikono," akasema. "Fundi ni wewe. Utaenda na sisi."

Walimsukuma kiti cha nyuma, kati ya masanduku. Jamila alimwita mumewe kama anavyomwita nyumbani kwa jina la mtoto wao, Papa Aziza, mara moja tu. Djibril hakuwaza lolote la kishujaa. Alichojua ni kwamba gari lile likipita lango hatamwona tena mkewe. Mashine ya kukatia ilikuwa chini, bado ina umeme. Aliishika kwa mkono mzima, akajikokota kwa magoti, akaizamisha ubavuni mwa tairi la nyuma.

Tairi lilipasuka kama bomu. Lilimtupa chali, likamchana uso, na kwa kitambo hakusikia kitu. Alichosikia kwanza kilikuwa mlio wa sufuria. Jirani yake Domitille alidhani ni risasi, akafanya linalofanywa mitaa yote ya Goma majambazi wakivamia: alitoka mlangoni akagonga sufuria kwa mwiko. Nyumba ya pili ikaitikia, na ya tatu, mpaka Majengo nzima ikawa inalia chuma mchana kweupe.

Gari lilijaribu kuondoka, rimu ikakwama kwenye mawe. Wale wawili walifyatua risasi juu, lakini watu walizidi kumiminika na mawe mikononi, ndipo wenye bunduki wakaruka ukuta wakapotea. Jamila alitambaa juu ya masanduku akatokea mlango wa nyuma. Djibril alimkumbatia kwa mkono mmoja, akamjaza damu mgongoni.

Landry hakuwahi kuruka. Watu walimvuta kwa miguu kutoka kwenye usukani, bastola yake ikaanguka na hakuna aliyejua nani aliiokota. Alikuwa anawataja watoto wake. Kamate, dereva wa pikipiki wa mtaani, alikuja mbio na kichupa cha petroli.

"Papa Djibril, tupe mupira moja."

Matairi ya zamani ya ile Suzuki yalikuwa nyuma yake, yamepangwa ukutani, na moja lingetosha kumvisha Landry shingoni na kumwasha moto. Djibril alitazama vidole vyake. Alitaka mtu yule ateketee, alitaka kwa moyo wote, na Jamila aliliona hilo usoni mwake.

"Usitoe," mkewe akamwambia.

Djibril alikwenda akaketi juu ya matairi. "Mupira yangu, hapana," akamwambia Kamate.

Kamate hakubishana naye. Aliweka kichupa chini, akainama akaokota jiwe, na wenzake wakaokota pia, kwa maana Goma mawe hayatafutwi. Djibril alitaka kuziba masikio, lakini mkono mmoja ulikataa, akayasikia yote mpaka kukawa kimya. Alijua amefurahi, na akashindwa kumtazama Jamila.